Baniani, kuli na mkate wa Durban

NILIKWENDA Durban mwezi wa Julai nikiwa nimebeba koti zito la kuazima. Marafiki zangu wa Nairobi walikuwa wamenitisha. Julai ni kipupwe Afrika Kusini, walisema, na wewe mtu wa pwani utarudi umeganda. Nilipotoka nje ya uwanja wa ndege, hewa iliyonipokea ilikuwa ya vuguvugu na yenye chumvi, hewa ya Likoni saa za magharibi. Johannesburg watu walikuwa wakipuliza mvuke mdomoni kwa baridi, ilhali vijana wa Durban walikuwa wakiogelea. Kuna mkondo wa maji moto unaoshuka kutoka upande wa Msumbiji na kupita karibu na pwani hiyo, nao ndio unaoufanya mji usijue baridi kali. Bahari yenyewe ni hii hii ya Hindi inayopiga mawe ya Fort Jesus. Lile koti sikulivaa hata siku moja.

Nilikuwa nimealikwa katika kongamano la walimu wa lugha. Sina nia ya kuwachosha wasomaji kwa yaliyosemwa ukumbini. Nataka kusimulia yaliyosemwa mezani, kwa kuwa huko ndiko nilikojifunza zaidi, na huko ndiko nilikoteleza ulimi hadi leo nikikumbuka nasikia aibu.

Siku ya pili nilitoroka kikao cha mchana nikaenda kwa miguu hadi soko la Victoria Street. Anayelijua soko la Marikiti mjini Mombasa hatapotea humo. Ni bizari kwa magunia: nyekundu, manjano, kahawia, zimerundikwa kama vichuguu, na wachuuzi wanakuita kwa majina ya jamaa zako hata kama hawakujui. Kuna mchanganyiko mmoja wa pilipili ambao jina lake kwa Kiingereza cha huko lina maana ya "kiangamiza mama-mkwe". Nilicheka peke yangu. Nikajiambia kwamba watu wanaoweza kutania hivyo juu ya pilipili wana undugu fulani na sisi.

Undugu huo uliendelea kujitokeza kadiri nilivyosoma vibao. Nilikuta *dhania*, neno ambalo kila mama mboga wa Nairobi analijua kwa sura ya *dania*, ingawa sisi walimu huwasisitizia wanafunzi waandike *giligilani*. Niliona *achar*, yaani *achari* yetu. Niliona biriani, ambayo wao huiandika *breyani* na kuipika pamoja na dengu za kahawia, jambo ambalo mpishi wa Mji wa Kale angelitazama kwa jicho la shaka. Biringanya wanaiita *brinjal*. Neno hilo na letu yametoka shina moja la Kiajemi, likapita kwa Waarabu. La Durban lilizunguka kupitia Wareno na India kabla ya kutua huko.

Sambusa nayo ina kisa chake. Durban wanasema *samoosa*, kwa kufuata matamshi ya India. Sisi tunasema *sambusa*, na Mwarabu naye husema *sambusak*. Sura ya zamani zaidi ya neno hili ni ya Kiajemi, nayo ilikuwa na sauti ya *mb* au *nb* katikati. Hivyo basi, mtoto wa Kisauni anayeuza sambusa nje ya shule anatamka neno lililo karibu zaidi na asili kuliko mtoto wa Mumbai. Nawaambia haya wale wanaodhani kwamba neno la kukopa likiingia katika Kiswahili huwa limeharibika. Wakati mwingine mkopaji hutunza mali kuliko mwenyewe.

Hata chapati ina funzo. Ukiagiza *roti* Durban utaletewa kitu chembamba na laini. Chapati yetu ile ya kukunja na kupaka mafuta hata ikatoka matabaka, ambayo vijana wa Nairobi wameipa jina la *chapo*, inafanana zaidi na kile ambacho Wahindi hukiita *paratha*. Tulichukua jina la ndugu mmoja tukampa mwingine. Bajia nazo zimetuchanganya wenyewe kwa wenyewe: pwani ni kunde zilizosagwa, Nairobi ni viazi vilivyokatwa na kuchovywa katika unga wa dengu. Neno moja, nchi moja, vyakula viwili.

Njaa ikanibana. Nikaingia mkahawa mdogo karibu na msikiti wa Juma, katika mtaa ambao wakazi bado wanauita Grey Street ijapokuwa sasa una jina la Dr Yusuf Dadoo, mpigania uhuru. Niliagiza chakula ambacho kila mgeni huambiwa asiondoke bila kukila. Jina lake kamili ni *bunny chow*, lakini wenyeji husema *bunny* tu. Ni boflo iliyokatwa robo au nusu, ikachimbwa katikati kama kinu, kisha ikajazwa mchuzi wa nyama, kuku au maharagwe, na viazi vilivyolegea vikafyonza masala mpaka vikawa vyekundu. Ule ute mlaini uliochimbwa hurudishwa juu kama kifuniko. Pembeni unapewa karoti iliyokunwa na vitunguu na pilipili, wao wakiita *sambals*, neno lililotoka Umalei. Sisi tungesema kachumbari na kumaliza mambo. Hupewi kijiko. Unamega ukuta wa mkate huku ukiomba mchuzi usibomoe nyumba yote.

Niliagiza robo ya mbuzi. Nililoa mpaka kiwiko.

Mtu asiyejua atasikia *bunny* na kufikiria sungura. Hamna sungura humo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba jina hilo limetokana na *bania*, neno la Kihindi na Kigujarati kwa tabaka la wafanyabiashara, ambalo chimbuko lake ni neno la Kisanskriti la mchuuzi. Wafanyabiashara wa Gujarat walifungua maduka na mikahawa mjini Durban, na chakula cha kwa bania kikafupishwa kuwa *bunny*.

Hapo nikaacha kutafuna. Bania! Kumbe mkate ule ulikuwa na jina ambalo Mswahili amekuwa nalo kinywani tangu zamani: *Baniani*. Nani kati yetu hakufundishwa methali isemayo *Baniani mbaya, kiatu chake dawa*? Neno hilo hilo Wareno walilichukua, Waingereza wakalipokea, wakaupa mti mkubwa wa India jina la *banyan* kwa kuwa wafanyabiashara hao walizoea kukusanyika kivulini mwake. Neno moja limekuwa mti, methali na mkate.

Yapo masimulizi mengi kuhusu jinsi mkate huo ulivyoanza. Wapo wasemao ulianzia kwa vibarua wa mashamba ya miwa waliohitaji kubeba mchuzi bila sahani. Wapo wanaosimulia juu ya wabeba mifuko ya wachezaji gofu. Simulizi niliyoisikia mara nyingi zaidi ni ya enzi za ubaguzi, wakati ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kuketi mkahawani. Alisimama nyuma, kwenye dirisha, akapewa mchuzi ndani ya mkate, maana mkate haudai sahani wala meza wala kiti. Sitaamua ipi ni ya kweli. Natambua tu kwamba watu wa Durban wanapotaka kueleza chakula chao wanakipenda kwa nini, hueleza kwanza ni nani aliyezuiwa kuketi.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Mmoja wa wenyeji wetu katika kongamano alinialika kwao Chatsworth, mtaa mkubwa ulio kusini mwa mji, ambao serikali ya ubaguzi iliujenga mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa ajili ya Wahindi waliofukuzwa sehemu nyingine za Durban chini ya sheria ya maeneo ya makundi ya mwaka 1950. Mama yake mwenyeji wangu ana umri wa miaka sabini na ushei. Kila mtu alimwita Anti, nami nikamwita Anti. Alikuwa amepika mchuzi wa samaki wenye ukwaju na majani ya mchuzi, na kando yake *amadumbe*. Nilipoyaonja nilipiga kelele: "Hizi ni nduma!" Au majimbi, kwa wale wa pwani. Jina hilo ni la Kizulu, na jinsi alivyoyapika ni ya Kitamil, na Anti hakuona kwamba kuna mambo mawili hapo. Kwake ni chakula cha nyumbani.

Tukaulizana habari za wazee. Akanieleza kwamba babu yake aliletwa kutoka kusini mwa India kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Nikamweleza kwamba mjomba wangu, aliyetoka Taita akiwa kijana, alinilea Changamwe. Ndipo nikasema kwa majivuno, na nilisema neno lile kama nilivyolijua, bila kulitafsiri: "Mjomba alikuwa *kuli*. Kuli wa bandari ya Kilindini, miaka thelathini."

Kimya. Mwenyeji wangu akaweka uma chini. Mjukuu mmoja akamtazama bibi yake. Anti akaniuliza polepole, "Umesema mjomba wako alikuwa nani?"

Mimi, badala ya kusoma uso wake, nikarudia.

Kwetu neno hili halina ubaya. Kuli ni mchukuzi wa mizigo, hasa wa bandarini. Adam Shafi aliandika riwaya aliyoipa jina hilo, *Kuli*, iliyochapishwa mwaka 1979, kuhusu wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948. Nimeifundisha mara nyingi, na kila mara jina la kitabu limekuwa jina la mashujaa. Mjomba wangu akitamka "sisi makuli" alikuwa akinyoosha mgongo. Lakini Afrika Kusini neno hilo ni tusi alilotupiwa kila Mhindi, awe kibarua au tajiri. Gandhi, aliyefika Durban mwaka 1893 kama wakili wa kampuni ya wafanyabiashara wa Kigujarati, aliitwa wakili kuli, kana kwamba hakuna digrii inayoweza kulifua neno. Nilikuwa nimeketi katika nyumba ya watu, nimekula amadumbe yao, kisha nikalitamka tusi lao mara mbili.

Nilipotambua, niliomba radhi nikaeleza. Anti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza swali ambalo lingemfaa profesa: "Kwani neno lenyewe linatoka wapi?"

Wataalamu wana maelezo mawili, nikamwambia. Wapo wanaolihusisha na Wakoli, watu wa upande wa Gujarat. Wapo wanaolihusisha na neno la Kitamil *kuli*, lenye maana ya ujira, malipo ya kibarua.

"Kitamil?" akashangaa. Kitamil ndicho alichokisema babu yake. Yeye mwenyewe, kwa maelezo yake, amebakia na maneno ya jikoni tu, *rasam* na *vadai* na mengine machache, pamoja na nyimbo za hekaluni anazoziimba bila kuzielewa. Alifikiri kidogo akasema: "Kwa hiyo walimwita Mshahara, kisha wakamlipa shilingi 10 kwa mwezi."

Hakuwa akitia chumvi. Meli ya kwanza ya vibarua hao, *Truro*, ilitia nanga Durban tarehe 16 Novemba 1860 ikitoka Madras. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano, na mshahara wa mwaka wa kwanza ulikuwa shilingi 10 kwa mwezi, ukiongezeka shilingi moja kila mwaka. Hadi usafirishaji huo ulipokomeshwa mwaka 1911, zaidi ya watu 150,000 walikuwa wameletwa Natal. Wengi hawakurudi kwao. Ikiwa maelezo ya pili ndiyo sahihi, basi mtu alinyang'anywa neno la lugha yake mwenyewe, neno la haki yake ya malipo, akarudishiwa likiwa tusi.

Nimelifikiria jambo hili tangu niliporudi. Maneno ya chakula yalivuka bahari yakafika salama. Dania ni dania, achari ni achari, hata zikibadilika sura hazimuumizi mtu. Lakini maneno ya kuwaita watu hayasafiri hivyo. Kila bandari huyaongezea mzigo. Kuli alifika Mombasa akawa mchukuzi. Akafika Durban akawa mtu aliyedharauliwa. Baniani alifika Durban akawa chakula kitamu. Kwetu amefungwa ndani ya methali inayoanza kwa kumwita mbaya.

Tuitazame methali hiyo kwa uaminifu. Walimu huifafanua kwamba mtu unayemchukia anaweza kukufaa siku ya shida. Ni funzo zuri. Lakini nilijaribu kuifikiria nikiwa nimeketi kwa Anti, na nikaona nisingeweza kuitamka mbele yake bila kumeza mate. Methali inapokea msaada na bado haiondoi tusi. Inachukua kiatu, inamwacha mwenye kiatu mlangoni. Sisemi tuifute, methali ni kumbukumbu, na kumbukumbu haifutwi. Nasema tunapoifundisha tumweleze mwanafunzi Baniani ni nani, na kwamba hata leo yupo darasani, pengine ameketi dawati la mbele. Serikali yetu iliitambua jamii ya Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 mnamo Julai 2017. Vitabu vyetu vya methali bado havijapata habari.

Kuna neno jingine ambalo sikulitamka kwa Anti, namshukuru Mungu. Ni *kafiri*. Kwa Mswahili ni neno la dini: asiyeamini. Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kufunika, na kutoka mzizi huo huo tumepata *kufuru* na hata *kafara*. Wareno walipofika pwani ya Afrika Mashariki waliwasikia Waislamu wakiwaita hivyo watu wa bara wasiokuwa Waislamu. Wakalichukua bila dini yake, wakalipitisha kwa Waholanzi na Waingereza, na huko kusini likawa tusi baya kuliko yote ambayo Mwafrika aliwahi kutupiwa. Leo hawalitamki, husema tu "neno la K". Mwaka 2018 mahakama moja ya nchi hiyo ilimhukumu mtu kifungo cha jela kwa kuwatupia polisi neno hilo mara kadhaa.

Haya si mambo ya mezani pekee. Mnamo Septemba 2018 Waziri wa Elimu ya Msingi wa Afrika Kusini, Angie Motshekga, alitangaza kwamba Kiswahili kingefundishwa katika shule za huko kuanzia mwaka 2020 kama lugha ya hiari. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini tunapopeleka kamusi na vitabu vyetu Durban, tunapeleka pia *kuli* na *kafiri*. Fikiria mtoto wa Kizulu anafungua kamusi anakuta neno lililomwangamiza babu yake limeandikwa bila hata nyota ya tahadhari. Fikiria mtoto wa Kihindi anapewa dondoo kuhusu makuli hodari wa bandarini. Mwalimu asiyejua historia ya maneno hayo atazima darasa zima kama nilivyozima meza ya Anti, na hatapata nafasi ya kueleza, kwa sababu darasa si nyumba ya watu wakarimu. Mtunzi wa kitabu cha Kiswahili kwa ajili ya Afrika Kusini lazima aweke maelezo hapo: hivi ndivyo neno linavyotumika kwetu, hivi ndivyo lilivyotumika kwenu. Nusu ukurasa unatosha.

Wapo watakaosema, Kiswahili ni chetu, maneno yetu tunayajua, wageni wajifunze maana zetu. Nimeisikia hoja hiyo hata kwenye kongamano. Mimi naona lugha inayotaka kuwa ya Afrika nzima haiwezi kutumia akili ya kijiji kimoja. Ukipika kwa ajili ya nyumba yako, tia pilipili upendavyo. Ukipika arusi, unauliza wageni.

Na Kiswahili si mgeni kabisa katika pwani hiyo. Nilipokuwa naaga, Anti alinielekeza upande wa pili wa mtaa akasema, "Huko wapo Wazanzibari." Nikadhani anatania. Kumbe kuna jamii Chatsworth inayoitwa hivyo hadi leo. Kati ya mwaka 1873 na 1880, manowari za Uingereza zilikamata majahazi ya watumwa katika bahari yetu, na mamia ya watu waliookolewa wakapelekwa Natal kufanya kazi za mkataba. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, si Wazanzibari, lakini jina lilifuata bandari walikopitia. Waliishi sehemu ya Bluff, karibu na bahari, wakashika dini yao ya Kiislamu na lugha yao ya Kimakua. Serikali ya ubaguzi ilipokuja na makundi yake, haikujua iwatie wapi. Mwafrika Mwislamu mwenye jina la Zanzibar alikuwa kitendawili. Ikawaandika kuwa "Waasia wengine", ikawahamisha kwa nguvu hadi Chatsworth, kwa Wahindi. Hapo tena jina la watu likafanya kazi ambayo hakuna jina la chakula limewahi kuifanya: liliamua mtu alale wapi.

Lakini Wamakua hao walikitunza Kimakua chao majumbani kwa zaidi ya miaka 100, wakiwa wachache, wakizungukwa na Kiingereza na Kizulu. Wahindi waliokuwa wengi mara nyingi zaidi walipoteza Kitamil, Kitelugu na Kibhojpuri chao. Mwanaisimu Rajend Mesthrie, mzaliwa wa nchi hiyo, amechunguza jinsi Kibhojpuri cha Natal kilivyozaliwa kwa kuchanganya lahaja za vibarua, na jinsi Kiingereza kilivyokuja kuchukua nafasi ya lugha za Kihindi majumbani. Shule ndiyo iliyoanza. Mtoto alirudi na Kiingereza, akakizungumza na wadogo zake, na wazazi wakakipokea kwa kuwa kilikuwa mlango wa kazi. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 imezitaja kwa majina Kigujarati, Kihindi, Kitamil, Kitelugu na Kiurdu miongoni mwa lugha zinazopaswa kukuzwa na kuheshimiwa. Katiba inaweza kutaja. Haiwezi kumwambia Anti maana ya nyimbo zake.

Nilitaka kumhurumia, kisha nikajikumbuka. Nyumbani kwangu Nairobi tunapika *kimanga* kila mwezi. Wanangu wanakipenda, wanajua kiasi cha maharagwe na muhogo, wanajua hata ubishi wa nani hukiponda vizuri. Waulize sentensi moja ya Kidawida. Watakujibu kwa Kiingereza kizuri, au kwa Sheng nzuri zaidi. Nimekuwa nikijifariji kwamba madhali chakula kipo, utamaduni upo. Durban iliniondolea faraja hiyo. Jikoni ndiyo chumba cha mwisho ambacho lugha hukimbilia. Ukiikuta imejibanza humo na maneno kumi na matano, ujue vyumba vingine imeshahama.

Kwa hiyo niliporudi nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilipitia maelezo ninayowapa wanafunzi wangu juu ya riwaya ya Adam Shafi, nikaongeza ukurasa kuhusu safari ya neno *kuli*. Wanafunzi waliujadili kwa saa nzima, na mmoja aliyekuwa kimya muhula wote, binti mwenye asili ya Kigujarati, alinyoosha mkono akasema kwamba nyumbani kwao bado wanachanganya Kikachi na Kiswahili, na bibi yake hudhani maneno yote ya jikoni ni ya Kiswahili. Darasa lilicheka naye, halikumcheka. Tulipofika kwenye methali ya Baniani, yeye ndiye aliyetueleza.

La pili ni gumu zaidi. Jumamosi moja nilipokuwa napika kimanga nilitangaza kwamba jikoni siku hiyo ni Kidawida tupu. Wanangu walinitazama kama niliyepungukiwa akili. Mdogo aliuliza kwa Kiswahili chumvi inaitwaje. Nikamwambia. Akarudia, akakosea, akarudia tena. Hatukumaliza hata nusu saa kabla ya kurudi kwenye lugha za mazoea, na mimi mwenyewe niligundua kwamba kuna vyombo viwili nilivyosahau majina yake.

Nilimpigia simu mjomba Changamwe kumuuliza. Alinitajia vyote viwili bila kufikiri. Kisha akataka kujua huko Durban bandari ikoje, kubwa kuliko Kilindini? Nikamwambia ni kubwa. Akauliza, makuli wa huko wanalipwaje? Nikamwambia, mjomba, neno hilo ukifika huko uliache ndege. Akacheka sana. Nikamsimulia kisa chote, cha Anti na shilingi 10. Hakucheka tena.